Corolla ya mwalimu iliyozimika mlimani: uchambuzi wa kisa kimoja cha umeme wa gari

Gari ninalolieleza hapa ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, aina ya AE100, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1498 na gia za mkono. Liliingia nchini likiwa mtumba kutoka Japani, likatumiwa Nakuru kwa miaka mingi na mwenyewe wa kwanza, kisha likanunuliwa na mwalimu mmoja anayeishi Mbale, Kaunti ya Vihiga, na kufundisha mjini Kisumu. Kila asubuhi huteremka nalo hadi mjini, huliegesha uwanjani mwa shule pasipo na mti wala paa, na saa kumi jioni hupanda nalo kurudi nyumbani kupitia Kondele, Mamboleo, Kiboswa na Majengo. Utaratibu huo wa safari nimeutaja kwa makusudi, kwa kuwa jibu la kisa hiki lilikuwa ndani yake tangu mwanzo, na mafundi wote tuliolishika gari hilo, nami nikiwamo, tulichelewa kuliona.

Malalamiko yenyewe yalikuwa rahisi kueleza. Asubuhi gari halikuwa na kasoro yoyote. Jioni, likishakwenda nusu saa hivi na kuanza kuupanda mlima baada ya Kiboswa, lilizimika. Likiachwa dakika 15 au 20 kando ya barabara liliwaka kwa funguo moja kana kwamba halikuwa na neno, na mara nyingine lilifika nyumbani bila kuzimika tena. Mwanzoni jambo hilo lilitokea mara moja kwa mwezi. Aliponijia lilikuwa limefikia mara tatu kwa wiki. Barabara ile ina malori na matrela, na gari linalozimika katika mpando humwachia dereva usukani mzito na breki ambazo, baada ya kukanyagwa mara moja au mbili, hupoteza msaada wa injini na kuwa ngumu kama jiwe. Mara moja alirudi nyuma mita kadhaa kabla ya kulizuia kwa hendibreki.

Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kutumia fedha nyingi. Fundi wa kwanza alimwambia kuwa ni pampu ya petroli, akaibadilisha. Wa pili alisema ni distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, na kwa kuwa katika gari hili koili, inayoukuza umeme huo, imefichwa ndani ya distribyuta, mwalimu alinunua nzima, kuukuu. Wa tatu alimuuzia betri. Mwalimu alinieleza haya akiwa ameegemea boneti, bila hasira: "Fundi, pampu ni mpya, distribyuta nimebadilisha, betri ni ya mwezi uliopita. Kilichobaki sasa ni kiti cha dereva."

Sitawalaumu wenzangu kupita kiasi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Yule wa pampu alikwenda hadi pale gari lilipozimikia, akawasha funguo, akasikiliza karibu na tangi na hakusikia pampu ikinguruma. Kosa lake ni kwamba alitazama baada ya kisa kwisha. Katika injini hizi, rilei ya pampu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, huongozwa na kompyuta ya injini, na kompyuta huiacha pampu iendelee kufanya kazi mradi tu inapata habari kutoka distribyuta kwamba injini inazunguka. Injini ikisimama kwa sababu yoyote ile, hata kama ni dereva aliyeachia klachi vibaya, pampu hukatwa baada ya muda mfupi sana, ili petroli isiendelee kumwagwa iwapo gari limepata ajali. Kwa hiyo ukimya wa pampu katika gari lililokwisha kuzimika hausemi lolote kuhusu kilicholizima. Ni sawa na kumkuta mtu msibani analia ukadhani yeye ndiye aliyeua.

Nilimuuliza mwalimu maswali matatu kabla ya kugusa chombo. La kwanza, je, injini hukohoa kwanza au hukatika ghafla? Akasema zamani ilikatika kama mtu aliyezima kwa funguo, lakini siku za karibuni hushtuka mara mbili au tatu ndipo izime. La pili, je, taa za dashibodi huwaka? Akasema ile ya oili na ile ya betri huwaka zote mbili. La tatu, redio? Huendelea kuimba. Mafundi wengi wakisikia kwamba taa na redio ziko hai huiondoa swichi ya funguo katika orodha ya washukiwa, nami nadhani wanafanya haraka. Swichi za Toyota nyingi zina njia zaidi ya moja zilizojitenga ndani yake, na njia inayolisha koili inaweza kufa huku njia ya taa za dashibodi ikiwa nzima. Nilichojifunza kwa majibu yake ni kidogo zaidi ya hapo: umeme wa gari kwa jumla haupotei, na kinachopotea ni tawi mojawapo.

Siku ile ya kwanza nilipima kila kitu kinachopimwa kwa kawaida. Betri ilikuwa na volti 12.5 gari likiwa limetulia, na volti 14.1 injini ikizunguka, kwa hiyo altaneta ilikuwa ikichaji vizuri. Nilipoweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, kisha mwalimu akapiga stata, mita ilisoma volti 1.1. Kipimo hicho hakitakiwi kupita volti 0.5. Waya mnene wa athi, yaani wa kurudishia umeme, unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeota kutu ya kijani na nusu ya nyuzi zake zimekatika. Nilifurahi kuliko nilivyostahili. Niliubadilisha, nikasugua mahali pa boliti mpaka chuma kikang'aa, kipimo kikashuka hadi volti 0.2, na nikaiacha injini izunguke uani kwa dakika 40, boneti ikiwa wazi, chini ya mwembe. Haikuzimika. Nikampa mwalimu gari lake na kumwambia tatizo limekwisha.

Siku mbili baadaye alinipigia simu akiwa Kiboswa.

Waya ule wa athi ulikuwa mbovu kweli na ulihitaji kubadilishwa, lakini ubovu huo haukuwa na uhusiano na kuzimika. Kosa langu lilikuwa la namna mbili. Nilikubali kasoro ya kwanza niliyoikuta kuwa ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Na gari la miaka 30 halikosi kasoro, ukilipekua lolote utapata waya wa kukufurahisha. Pili, nililijaribu gari mahali penye kivuli, bila kazi, bila mtikisiko, yaani katika hali ambayo hata mwenyewe alikwisha kuniambia kwamba halizimiki.

Kwa mara ya pili nilimwomba mambo mawili. Gari lije moja kwa moja kutoka shuleni jioni, likiwa limeshinda juani, na mtu yeyote asiiguse terminali ya betri. Sharti la pili lina sababu yake. Magari ya namna hii huhifadhi namba za makosa katika kompyuta, na namba hizo hufutika betri ikifunguliwa au fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kunyunyiza petroli, ikichomolewa. Wote waliotangulia walianza kazi kwa kufungua betri, kwa usalama kama walivyofundishwa, na kila mmoja alimwachia mwenzake daftari tupu.

Gari hili halina mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, ambao ungesaidia sana, kwa hiyo nilitengeneza mashahidi wangu mwenyewe. Nilichukua balbu mbili za watt 5, zile za taa ndogo za mbele, nikaziunganisha na nyaya ndefu. Ya kwanza niliichukulia umeme pale unapoingia kwenye koili. Ya pili niliichukulia kwenye pini ya FP, katika kile kisanduku cheusi cha uchunguzi kilichopo chini ya boneti. Pini hiyo huwa na umeme wakati pampu ya petroli inapolishwa. Athi ya zote mbili niliitoa kwenye hasi ya betri. Nyaya nilizipitisha pembeni mwa boneti na kuingiza dirishani, nami nikakaa kiti cha abiria nikiwa nimezibandika balbu juu ya dashibodi kwa tepu, ya koili kushoto, ya pampu kulia. Mwalimu alizitazama akasema gari lake sasa limeota macho.

Swali lililokuwa mbele yetu lilikuwa moja: kipi hufa kwanza? Kama balbu ya pampu ingetangulia kuzimika wakati injini bado inazunguka, injini ingekohoa sekunde chache kadiri petroli iliyobaki katika paipu ilivyopungua nguvu, na tungeifuata rilei ya pampu na nyaya zake. Kama ya koili ingetangulia, tungeiacha petroli kabisa. Kama zote mbili zingewaka hadi mwisho, tatizo lingekuwa ndani ya distribyuta au katika kompyuta, na hapo ningeanza kuogopa.

Tulipita Kondele na Mamboleo balbu zikiwa na mwanga sawa. Joto ndani ya gari lilikuwa kali, na plastiki ya dashibodi ilichoma mkono. Tulipoipita Kiboswa na mwalimu kuingiza gia ya tatu, balbu ya kushoto ilianza kufifia. Mwanga wake ulitoka kwenye weupe ukawa wa rangi ya machungwa, kama kaa linaloelekea kuwa jivu, gari likashtuka, mwanga ukarudi, likashtuka tena, kisha balbu ikazimika kabisa na injini ikanyamaza. Ile ya kulia ilikuwa ikiwaka vilevile. Nilimwambia mwalimu asikanyage klachi kwanza, ili magurudumu yaendelee kuizungusha injini, na kwa hatua zile chache kabla gari halijasimama balbu ya pampu iliendelea kung'aa kama kawaida. Alipokanyaga klachi, ikazimika baada ya muda wa kuhesabu moja, mbili. Pampu iliyotupwa na pampu iliyonunuliwa zote hazikuwa na hatia.

Tuliweka pembetatu barabarani na mimi nikaunganisha pini za TE1 na E1 za kile kisanduku cha uchunguzi kwa kipande cha waya, ili kompyuta itaje namba ya kosa. Taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara nne: namba 14. Hapa ndipo fundi wa pili angesema kwamba alikuwa na haki, kwa kuwa namba 14 hutafsiriwa harakaharaka kuwa ni igniti, yaani kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili, au distribyuta mbovu. Maana yake halisi ni finyu zaidi. Kompyuta huiamuru igniti itoe cheche, na igniti hutakiwa kurudisha jibu kwamba amri imetekelezwa. Namba 14 inasema jibu halikurudi. Haisemi kwa nini. Igniti iliyoungua haijibu, lakini hata igniti nzima isiyopata umeme haiwezi kujibu.

Kipimo kilichofuata ndicho ninachopenda kuwaonyesha vijana wanaojifunza kazi kwangu. Funguo ikiwa imewashwa, nilipima umeme unaofika kwenye koili baada ya kuichomoa balbu yangu, na mita ikasoma volti 12.1. Mtu angesema umeme upo. Nikairudisha balbu na kupima tena palepale: volti 6.8. Mita ya kisasa hainywi umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata njia iliyokaribia kukatika huipitishia usomaji mzuri; ni mzigo unaofichua ufinyu wa njia. Mfereji ulioziba hujaza glasi ukisubiri, lakini hauwezi kuogesha mtu. Nadhani fundi wa distribyuta alipima kwa mita peke yake, akaona volti 12, akahitimisha kwamba kilichoko mbele ya hapo ndicho kibovu. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi kwa kipimo chake. Kipimo ndicho kilichokuwa dhaifu.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya kurudi nyuma hatua kwa hatua, balbu ikiwa bado imeunganishwa. Kwenye kisanduku cha fyuzi niliona volti 12.3, kamili kama betri. Maana yake umeme ulikuwa ukipotelea kati ya fyuzi na koili, na waya huo hupita chini ya dashibodi. Nilifungua kipande cha plastiki kilicho chini ya usukani, nikaingiza mkono bila kuona, na kidole changu kikagusa kitu cha pembe nne kilichokuwa cha moto kiasi cha kunifanya niuvute mkono. Nilikipiga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Balbu iliyokuwa juu ya dashibodi ikawaka nyeupe. Nikamwambia mwalimu apige stata, na injini ikawaka hapohapo, bila kusubiri zile dakika 15 za kupoa.

Ilikuwa rilei ya alamu. Mwenyewe wa kwanza, huko Nakuru, aliwahi kufungiwa alamu yenye katauti, yaani kifaa kinachokata umeme wa koili gari likiibwa. King'ora kilikuwa kimekwisha kuondolewa na rimoti ilipotea kabla gari halijauzwa, lakini kisanduku na rilei yake vilibaki vikining'inia nyuma ya dashibodi kwa tepu nyeusi, na umeme wote wa koili uliendelea kupita humo. Mwalimu hakuwahi kujua kwamba gari lake lina alamu.

Gereji nilikata gamba la rilei hiyo kwa msumeno. Zipo pini mbili ambazo mtu anaweza kuzitumia kupitisha umeme, ile ya 87 na ile ya 87a. Aliyefunga alamu alitumia 87a, ambayo hupitisha umeme wakati rilei imelala, na kwa mtazamo wa katauti huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa kisanduku cha alamu kikifa gari haliachwi njiani. Ila pointi ya upande huo, yaani kipande cha chuma kinachogusana na kingine ili umeme upite, hushikiliwa na springi peke yake, bila nguvu ya sumaku kuikandamiza, na ndiyo sababu rilei nyingi za namna hii huandikwa 30/40: ampea 40 kwa upande unaovutwa na sumaku, 30 kwa upande unaosukumwa na springi. Pointi ya rilei ya mwalimu ilikuwa na shimo jeusi la ukubwa wa punje ya mtama. Viungo vya nyaya navyo vilikuwa vimesokotwa kwa vidole tu na kufungwa tepu, ambayo gundi yake ilikuwa imeyeyuka na kugeuka lami.

Kabla ya kuiondoa, nikiwa bado kando ya barabara na injini ikizunguka, nilikuwa nimepima volti 14.0 kwenye betri na 11.6 kwenye koili. Volti 2.4 zilikuwa zikibaki njiani. Tukichukua kwamba koili ilikuwa ikivuta wastani wa ampea 3, joto lililokuwa likizaliwa katika shimo lile ni karibu watt 7, yaani zaidi ya balbu nzima ya watt 5 inayowaka ndani ya kasha la plastiki lisilo na hewa. Asubuhi yenye baridi ya Mbale, joto hilo lilipata pa kwenda, na mteremko haukuitaka injini ifanye kazi kubwa. Jioni lilikutana na dashibodi iliyokwisha kuokwa na jua la Kisumu siku nzima, na injini inayozunguka kwa kasi katika gia ya chini ikidai cheche nyingi zaidi kwa dakika. Pointi ikapata moto, ikapitisha umeme kidogo zaidi, ikapata moto zaidi. Mlima haukuwa na kosa lolote la petroli. Ulikuwa tu mahali ambapo saa ya joto ilitimia.

Matengenezo yenyewe yalichukua saa moja. Niliondoa rilei na kisanduku, nikaunganisha waya wa asili kwa risasi ya kuyeyusha na kuufunika kwa mpira unaobana, nikaufunga mbali na vyuma vinavyosogea. Distribyuta ya zamani, ambayo mwalimu alikuwa ameihifadhi kwenye buti akiifungia gazeti, niliirudisha kwa majaribio, na gari lilipanda hadi Majengo nayo mara mbili, mchana wa jua, balbu zangu zikiwa bado dashibodini na mwanga wake haukutikisika. Tuliiacha hiyohiyo. Mwalimu aliuliza kama anaweza kuwekewa katauti nyingine, maana wezi wapo, nikamwambia nitamwekea kwenye waya wa stata. Ikiharibika huko, gari litakataa kuwaka likiwa limeegeshwa nyumbani, jambo linaloudhi, lakini halitamzimikia mlimani trela likiwa nyuma yake. Kuikata koili ya gari linalokwenda ni jambo ambalo mimi sifungi tena kwa mteja yeyote, hata akiniongezea fedha.

Wiki tano zimepita na gari halijazimika. Kuna jambo moja limebaki: tangu nilipoondoa kile kisanduku, taa ya ndani haiwaki mlango wa dereva unapofunguliwa. Inaonekana waya wa mlango nao ulikuwa umepitishwa kwenye alamu, na mwalimu ameahidi kulileta Jumamosi baada ya kutoka soko la Kibuye.